Jicho la mtu mzima linalotiririka machozi: kujua kilichoziba, na kama kweli kimeziba

Machozi yanayotiririka wakati hulii yana vyanzo vingi, na tiba ya chanzo kimoja haigusi kingine hata kidogo. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Mtu anafika kliniki na chupa nne za matone mkobani, kila moja ya duka lake, anafuta jicho kwa upindo wa khanga huku akieleza kwamba zote amezimaliza na machozi yako palepale. Dawa zile huenda hazikuwa na ubovu wowote. Kama mrija wa machozi umeziba, hakuna tone la kuuzibua, liwe la bei rahisi au la bei ya kutisha.

Mwongozo huu ni wa watu wazima. Nalisema hilo mapema kwa sababu ushauri mwingi unaozunguka mitaani ni wa watoto wachanga. Mtoto anaweza kuzaliwa na utando mwembamba mwishoni mwa mrija, na kwa walio wengi utando huo hufunguka wenyewe kabla hajafikisha mwaka. Mama akifundishwa kukanda pembeni mwa pua ya mtoto, anausaidia kufunguka. Kwa mtu wa miaka 50 mambo ni mengine. Mrija umevimba ndani kwa muda mrefu, ukaota makovu, ukashikana. Ukande asubuhi na jioni mwaka mzima, hautafunguka.

Machozi yanapita wapi

Tezi kubwa ya machozi imekaa juu ya jicho, upande wa nje, chini ya nyusi. Kila unapopepesa, kope huyasambaza machozi na papo hapo huyasukuma kuelekea kona ya ndani, iliyo karibu na pua. Simama mbele ya kioo uvute kidogo kope ya chini karibu na kona hiyo: utaona kinundu kidogo chenye kitundu katikati. Kope ya juu nayo ina cha kwake. Vitundu hivi viwili ndiyo mlango. Kuanzia hapo machozi hupita kwenye vijirija vyembamba vyenye urefu wa kama sentimita moja, huingia kwenye mfuko wa machozi uliolala ndani ya kishimo cha mfupa pembeni mwa pua, halafu huteremka kwa mrija unaopita ndani ya mfupa hadi puani. Ndiyo maana ukilia pua nayo huchuruzika, na ndiyo maana matone ya kloramfeniko unayaonja uchungu kooni muda mfupi baada ya kuyatia.

Hilo la uchungu usilifanye kipimo, ila ni dokezo zuri. Anayeonja uchungu kila akitia dawa, huenda njia yake bado inapitisha. Ambaye jicho la kulia linampa uchungu kooni na la kushoto halimpi kitu, na la kushoto ndilo linalotiririka, amwambie daktari habari hiyo.

Fikiria sinki la jikoni linalofurika. Ama bomba limefunguliwa kupita kiasi, ama tundu la kutolea maji limeziba. Maswali yote ya daktari siku ya kwanza yanatafuta kujua wewe uko upande upi, na ukiyajibu vizuri umeshaokoa nusu ya safari.

Jicho linachoma, linawasha, kama lina mchanga, na machozi huja kwa vipindi

Hapa tatizo mara nyingi liko kwenye bomba: jicho limekerwa na kitu, nalo linajitetea kwa kumwaga machozi. Machozi huzidi ukikaa nyuma ya bodaboda, ukisimama kwenye upepo, ukipika kwa kuni, ukikodolea simu au kompyuta muda mrefu. Usiku ukifumba macho, yanatulia.

Chanzo kinachowashangaza watu kuliko vyote ni ukavu wa macho. Nimesikia malalamiko haya mara nyingi, na kila mara naona ni halali kabisa: "Sista, machozi yenyewe yamenichosha, na nyinyi mnaniongezea mengine ya chupa?" Maelezo yake ni haya. Machozi mazuri yana tabaka la mafuta juu yake, na mafuta hayo hutoka kwenye vitezi vidogo vilivyopangana kwenye ukingo wa kope. Vitezi vikiziba, machozi hukauka haraka, uso wa jicho hubaki mkavu na kuanza kuchoma, na mwili huijibu ile chomo kwa kumwaga machozi ya ghafla, maji matupu yasiyokaa jichoni, yanayoishia shavuni. Baada ya dakika chache jicho ni kavu tena. Matone ya kulainisha yakitumiwa kwa mpangilio huukata mzunguko huo. Pamoja nayo, weka kitambaa safi kilicholowekwa maji ya uvuguvugu juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika tano hadi kumi, kisha ufute ukingo wa kope taratibu. Ifanye kila siku, kwa wiki kadhaa. Ukiacha siku ya tatu kwa kuwa hujaona tofauti, hujaijaribu.

Mzio nao ni bomba. Kuwasha ndiyo alama yake kubwa: mtu anajikuna mpaka kope zinavimba, mara nyingi macho yote mawili, na pua inapiga chafya. Usimalizie kwenye matone ya duka yenye steroidi. Yanatuliza haraka, na ndiyo hatari yake, maana mtu huyaendeleza miezi bila kupimwa, huku presha ya jicho ikipanda na mtoto wa jicho akianza kujijenga bila maumivu yoyote.

Kuna na nywele za kope zilizogeukia ndani zikawa zinakwaruza jicho kila ukipepesa. Kwa wazee waliokulia maeneo yenye vikope (trakoma, maambukizi yanayoacha makovu ndani ya kope), kama Kongwa na sehemu nyingine za Dodoma, umasaini pande zote mbili za mpaka, au Turkana, hili ni la kuangaliwa kabla ya lolote. Wengi hung'oa nywele kwa kibano kidogo cha chuma, wanapata nafuu, zinaota tena, fupi na ngumu kuliko za mwanzo. Kioo cha jicho, ile sehemu angavu ya mbele, kikikwaruzwa hivyo miaka mingi hupata kovu jeupe, na uoni hupotea. Tiba yake ni upasuaji mdogo wa kope kwa ganzi, unaofanyika hata kwenye vituo vya afya zinapopita timu za vikope. Mzee kama huyu akitafutiwa tiba ya mrija wa machozi, atakuwa anapelekwa njia isiyo yake.

Jicho moja jekundu lenye maumivu, mwanga unaoumiza na uoni uliopungua si habari ya mrija hata kama linatiririka. Hicho kinaweza kuwa kidonda kwenye kioo cha jicho au presha ya jicho iliyopanda ghafla. Nenda siku hiyohiyo.

Jicho halichomi wala halijawa jekundu, lakini machozi yanateremka mchana kutwa

Sasa tuko kwenye tundu la kutolea. Mtu hufuta ndani ya nyumba, hufuta kanisani au msikitini, hufuta hata pasipo upepo wala moshi. Ngozi ya chini ya jicho inaweza kuchubuka kwa kufutwa. Akisoma, maandishi yanaelea.

Anza kwa kuangalia kope yenyewe. Umri ukisonga, kope ya chini hulegea na kugeukia nje. Kile kitundu ambacho kinapaswa kulala kwenye jicho huwa kinatazama hewani, na machozi hayakifikii. Hali kadhalika kwa aliyepooza upande mmoja wa uso: njia yake iko wazi kabisa, ila msuli unaofunga kope hauna nguvu ya kusukuma. Tiba iko kwenye kope, kwa upasuaji wa kuikaza. Ushauri mdogo hapa: unapofuta, futa kuelekea juu na ndani, upande wa pua. Kufuta kwa kuvuta chini, mara mia kwa siku, kunaizidishia kope ule ulegevu.

Kitundu chenyewe kinaweza kuwa kimesinyaa au kimefunga. Uvimbe wa muda mrefu wa kingo za kope hufanya hivyo, na hata baadhi ya dawa za presha ya macho zikitumiwa miaka mingi. Aliyetibiwa saratani kwa dosetakseli anaweza kuzibwa vijirija, na aliyepewa aidini ya mionzi kwa saratani ya tezi ya shingo anaweza kuzibwa mrija. Mtaje daktari dawa hizo hata kama ulimaliza matibabu zamani. Watu hawaoni uhusiano, kwa hiyo hawasemi, na daktari asipoambiwa hana pa kuanzia.

Kilichobaki ni mrija wa chini wenyewe, ule unaopita ndani ya mfupa. Huu ndio unaoziba kwa watu wazima walio wengi, na huziba bila sababu ya wazi: ngozi ya ndani inavimba kidogokidogo miaka na miaka mpaka nafasi inakwisha. Wanawake waliovuka miaka 40 ndio wanaopata zaidi, na mfereji wao wa mfupa kuwa mwembamba zaidi unadhaniwa kuchangia. Wengine ni waliovunjika mfupa wa pua au uso kwenye ajali. Kijana aliyeanguka na pikipiki, uso ukapona vizuri, halafu miezi sita baadaye jicho moja likaanza kutiririka, ana kila sababu ya kupimwa mrija.

Kila asubuhi kuna matongo, na ukibinya kona kitu kinarudi

Mrija ukishaziba, machozi yanatuama mfukoni, na maji yaliyotuama hayakai bila vijidudu. Kope hugandana asubuhi. Jicho lenyewe huwa jeupe au na wekundu kidogo tu kwenye kona. Watu hupewa dawa ya kuua vijidudu, matongo yanakauka wiki moja, dawa inaisha, yanarudi. Kurudi huko ndiyo alama. Jicho moja lililopewa dawa mara tatu kwa ugonjwa uleule halihitaji chupa ya nne. Linahitaji mtu wa kuangalia mfuko wa machozi.

Namna ya kuangalia unaweza kuifanya mwenyewe mbele ya kioo, kama hakuna maumivu. Nawa mikono. Weka ncha ya kidole cha shahada pembeni mwa pua, pale kwenye kona ya ndani ya jicho, uguse ukingo wa mfupa. Bonyeza kuelekea ndani na nyuma, polepole, huku ukitazama vile vitundu viwili. Ikiwa ute mweupe, wa njano, au maji mazito yanachomoza kupitia kitundu na kumwagikia jichoni, mfuko umejaa na njia ya chini imeziba. Mara nyingi hapo hakuna haja ya kubahatisha tena. Lakini kutotoka kitu hakumaanishi njia iko wazi.

Kipimo hiki cha kidole kinapaswa kufanywa kwa kila anayesubiri upasuaji wa mtoto wa jicho, na hapa nawaomba wanaowasindikiza wazazi wao wawe makini. Mfuko wenye usaha umekaa sentimita mbili tu kutoka mahali jicho litakapofunguliwa. Vijidudu vikiingia ndani ya jicho wakati wa upasuaji, jicho linaweza kupotea kabisa ndani ya siku chache. Ndiyo maana mzee aliyefunga safari hadi kambi ya macho anaweza kuambiwa arudi nyumbani, atibiwe mfuko kwanza. Inauma, hasa kama nauli ilichangwa na ukoo mzima. Hata hivyo aliyemkatalia siku ile amemlindia jicho. Kosa kubwa linalofuata ni familia kumtafutia sehemu nyingine ambako hawatambinya kona, na kunyamaza kuhusu yale matongo.

Uvimbe mwekundu wenye maumivu makali pembeni mwa pua

Huu ni mfuko uliolipuka kwa maambukizi. Unaanza kama kinundu chini kidogo ya kona ya ndani, baada ya siku moja mbili ni jipu, ngozi inang'aa, kope zinavimba, homa inaweza kupanda. Usiubinye, usiupasue, usichanje chale, usiweke majani. Usimruhusu mtu yeyote akupitishie maji kwenye vitundu wakati huu: kwenye mfuko unaowaka, maji na sindano vinaweza kusukuma maambukizi kwenye nyama za jirani.

Dawa za kuua vijidudu za kumeza, za siku saba hadi kumi, ndiyo mwanzo wa tiba. Matone pekee hayatoshi kwa sababu hayafiki mfukoni. Kitambaa cha uvuguvugu kinapunguza maumivu. Jipu likiwa limeiva, daktari analitoboa na kulikamua kwa utaratibu. Mwenye kisukari, mwenye kinga iliyoshuka na mzee dhaifu wasiangaliwe wakiwa nyumbani, wakalazwe wapate dawa za mshipani kama daktari ataona hivyo.

Kama jicho linatokeza mbele, linashindwa kuzunguka, linaona viwili au uoni unapungua, maambukizi yamevuka kuingia kwenye tundu la jicho. Hiyo ni dharura ya saa, si ya siku.

Jipu likipona, mrija bado umeziba. Sehemu hii haisemwi vya kutosha. Mgonjwa anaruhusiwa, uso umerudi kama zamani, anashukuru na kwenda zake, kisha baada ya miezi anarudi na jipu lilelile, safari hii likiwa limejitobolea tundu kwenye ngozi linalochuruza machozi shavuni. Baada ya wiki chache za utulivu, panga upasuaji wa njia mpya.

Kona ya kope imevimba na kitundu kimefura

Kuna ugonjwa mdogo unaokosewa mara kwa mara: maambukizi ndani ya kijirija chenyewe. Kona ya kope inakuwa nyekundu, kitundu kimechomoza na kuvimba, na ukikamua hutoka ute wenye punje ndogo za njano. Watu huambiwa wana macho mekundu ya kuambukiza, wanatibiwa miezi. Punje hizo ni vijiwe vilivyojengwa na bakteria, na visipotolewa kwa kukipanua kitundu na kukisafisha kijirija, matone yatapita juu tu.

Dalili zisizosubiri foleni

Machozi yenye damu. Uvimbe mgumu usiouma pembeni mwa pua, hasa ukiwa umepanda juu ya usawa wa kona ya jicho, kwani mfuko uliojaa usaha kwa kawaida huvimba chini ya usawa huo. Pua ya upande uleule inayotoka damu au kuziba daima. Kinyama kwenye weupe wa jicho kinachokua haraka, hasa kwa anayeishi na virusi vya ukimwi. Hizi zinaweza kuwa dalili za saratani, na huhitaji siti skani au kuchukuliwa kinyama cha kupima kabla mtu hajagusa mrija.

Watakachokufanyia kliniki

Kipimo cha kwanza ni tone la rangi. Mtaalamu anatia rangi ya chungwa inayowaka kijani chini ya mwanga wa buluu, kwenye macho yote mawili, anasubiri dakika tano. Jicho linalopitisha linabaki karibu safi. Lililoziba linabaki na mstari mnene wa kijani juu ya kope ya chini, au rangi imeshatelemkia shavuni. Hakiumi. Rangi ikitoka puani ukipenga, usishtuke, ni habari njema.

Kipimo cha pili ndicho kinachoogopwa bure: kupitisha maji. Unalala au unaegemea kiti, unatiwa matone ya ganzi, kitundu kinapanuliwa kidogo, kisha bomba la sindano lenye maji chumvi linaunganishwa na kijisindano butu, chembamba, kisicho na ncha kali. Kinaingizwa kwenye kitundu cha chini, kinageuzwa kuelekea puani, maji yanasukumwa taratibu. Utasikia msukumo pembeni mwa pua. Kisha utaulizwa: "Mama, umeonja chumvi kooni?" Jibu ulichohisi kweli. Wapo wanaoitikia "ndiyo" kwa heshima, au ili kipimo kiishe, na jibu hilo la heshima linampeleka mtaalamu kwenye uamuzi usio sahihi.

Maji yakifika kooni yote, njia iko wazi, na tatizo litafutwe kwenye bomba au kwenye kope. Yakirudi kupitia kitundu cha juu, hasa yakiwa na ute, kizuizi kiko chini, mfukoni au kwenye mrija. Yakirudi kupitia kitundu kilekile yalikoingilia, kijirija ndicho kilichofunga. Mengine yakifika kooni na mengine yakarudi, njia imebana bila kufunga kabisa. Omba matokeo yaandikwe kwa kila jicho. Ukihamia hospitali nyingine, karatasi hiyo ina thamani kuliko chupa zote za dawa ulizobeba. Daktari mzuri pia atachungulia pua, maana nyama za puani na mfupa uliopinda wa kati huamua upasuaji ufanyike vipi.

Tiba kulingana na mahali palipoziba

Kitundu kilichosinyaa hupanuliwa au kukatwa kidogo kwa ganzi, dakika chache, unarudi nyumbani. Kijirija kilichobana huweza kuwekewa uzi laini wa silikoni ndani, wenye uwazi, ukakaa miezi kadhaa kukizuia kisishikane. Kijirija kilichokufa kabisa ni kazi ngumu zaidi: huwekwa kijibomba kidogo cha kioo kutoka kona ya jicho hadi puani, nacho hukaa maisha, kinasafishwa, kinaweza kuchomoka. Hakiwekwi kila mahali, na anayekikubali akubali pia kurudi kliniki mara kwa mara.

Kwa mrija wa chini ulioziba, tiba ni kutengeneza njia mpya kati ya mfuko na pua. Kwenye fomu utaona herufi DCR. Upasuaji huu una zaidi ya miaka 100. Mwitalia Addeo Toti aliueleza mwaka 1904, na msingi wake ni uleule. Ngozi inachanwa kiasi cha sentimita moja au moja na nusu pembeni mwa pua, kipande kidogo cha mfupa kinaondolewa, mfuko unafunguliwa na kushonwa kwenye ngozi ya ndani ya pua. Machozi yanapita hapo, ule mrija ulioziba unaachwa ulivyo. Huchukua kama saa moja, kwa nusu kaputi au kwa ganzi na dawa ya kutuliza. Kwenye mikono yenye uzoefu, watu kama 9 kati ya 10 hupona. Unaweza pia kufanywa kupitia puani kwa kamera, bila kovu usoni, matokeo yakikaribiana; unahitaji vifaa na mara nyingi ushirikiano wa daktari wa pua.

Wapo wanaopewa kuzibuliwa mrija kwa waya, kama wafanyiwavyo watoto. Kwa mtu mzima aliyeziba kabisa, maoni yangu ni kwamba fedha hiyo ni afadhali iwekwe akiba ya upasuaji. Njia hufunguka siku chache, kovu linairudisha.

Kwa mzee sana, dhaifu, mwenye usaha mfukoni na macho makavu, au anayehitaji upasuaji wa mtoto wa jicho upesi, daktari anaweza kushauri kuutoa mfuko wenyewe. Herufi zake ni DCT. Usaha unakwisha, machozi yanaweza kuendelea kiasi. Hakuna kunyimwa haki hapo. Kwa mtu sahihi ni uamuzi wa busara. Muhimu aelezwe mapema, asije akaamka akitarajia jicho lisilotoa chozi.

Pa kwenda na maswali ya kuuliza

Anzia kliniki ya macho ya wilaya au kaunti upate kupitishiwa maji na barua ya rufaa. Idara kubwa za macho zipo Muhimbili na CCBRT Dar es Salaam, KCMC Moshi, Bugando Mwanza. Kenya kuna Kikuyu, Kenyatta, na Lions kule Loresho. Kabla ya kupanda basi, piga simu uulize kama yupo anayefanya upasuaji wa njia ya machozi na siku zake, kwa sababu bingwa wa macho si lazima awe wa kope na machozi. Uliza kama bima yako inalipia, na kama uzi wa silikoni umo kwenye bei au unanunuliwa pembeni.

Presha ya damu iwe imetulia wiki kadhaa kabla ya upasuaji, kwa kuwa pua hutoka damu sana. Taja dawa zote za kuyeyusha damu, hata aspirini ndogo ya kila siku. Usiziache mwenyewe, aliyekuandikia aamue.

Baada ya upasuaji: kipi cha kawaida, kipi cha kurudi nacho

Matone ya damu puani siku ya kwanza na ya pili ni kawaida. Kaa umeinua kichwa, lala na mito miwili, chai na uji vipoe kwanza kwa siku mbili hivi. Damu inayochuruzika bila kukoma baada ya kubana pua dakika kumi na tano, rudi.

Usipenge pua kwa wiki mbili. Chafya ikija, iachie kwa mdomo wazi. Michubuko chini ya jicho inaisha wiki mbili, nyuzi za ngozi hutolewa baada ya wiki moja hivi.

Kama uliwekewa uzi wa silikoni kwenye njia mpya na ukaona kitanzi chake kimechomoza kwenye kona ya jicho, huenda umefuta kwa nguvu au umejikuna usingizini. Usiukate, usiuvute. Ubandike kwa plasta kwenye ngozi ya pua uende kliniki, watakurudishia. Ukikatwa ovyo unaweza kupotelea ndani. Uzi hutolewa kliniki, kati ya wiki sita na miezi michache kadiri ya daktari.

Siku ya kwanza utakayopenga, unaweza kuhisi hewa ikipuliza jichoni. Wengi hurudi mbio kwa hofu. Hewa hiyo ina maana njia mpya iko wazi.

Jicho likiendelea kutiririka wiki za mwanzo, subiri uvimbe upungue. Likiendelea baada ya uzi kutolewa, pitishiwa maji tena: kama yanafika kooni kwa urahisi, angalia ukavu na ulegevu wa kope, vitu viwili vinavyosahaulika kila mtu anapoukazia macho mrija. Kama yanarudi, njia mpya imefunga kwa kovu au imeshikana na nyama za puani, na kwa kawaida upasuaji wa marudio unawezekana, mara nyingi kupitia puani, ambako daktari anaona moja kwa moja kilichofunga.